Dume au jike? Ukikwama kusoma gamba la tarantula mchanga

Mwaka nilioanza kufuga nilimpigia mama simu Lushoto kumwambia nimenunua buibui. Laini ilikuwa inakatakata. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "La nani? Umeoa bila kutuambia?" Nikamwambia si la kuvaa, mama, ni wa miguu minane. Alipomaliza kucheka akaleta swali la pili: "Dume au jike?" Mama amefuga mbuzi tangu sijazaliwa, na kwake mnyama usiyejua kama ni dume au jike bado hujamnunua, umetupa hela tu.

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ni jike. Muuzaji alikuwa ameniapia, na juu ya kikopo palichorwa alama ya jike kwa kalamu nyeusi, chini yake jina: Pterinochilus murinus, "Usambara". Ndivyo wafugaji wa Ulaya wanavyomwita tarantula huyu, buibui mkubwa wa manyoya mwenye rangi ya machungwa, kwa jina la milima ya kwetu. Mtu wa Lushoto nimemnunua Ujerumani, kwa euro. Miezi tisa baadaye yule "jike" akavua gamba, akatoka na vipapasi, vile viguu vifupi vya mbele karibu na mdomo, vimevimba nchani kama glovu za ndondi. Alikuwa dume, tena dume aliyekwisha kukomaa, amebakiwa na miezi ya kuhesabu.

Tangu hapo nimefungua magamba mengi, ya kwangu na ya wenzangu, na haipiti wiki bila picha ya WhatsApp yenye ukungu na maneno yaleyale: "Kaka, hebu niangalizie huyu." Wanapokwama watu ni palepale kila mara. Nayaandika jinsi yanavyonifikia.

Kwanza ujue unatafuta nini

Kwa tarantula mchanga, ushahidi mzuri kuliko wote ni gamba alilovua. Mwaka 2011 Watanzania tulisikia sana habari za kujivua gamba kwenye siasa. Buibui yeye hatangazi, ila akijivua hasazi kitu. Haachi ngozi ya nje peke yake. Huacha na utando wa ndani wa mapafu, na wa tumbo lile la kunyonyea chakula, na kama ni jike huacha na utando wa vifuko anamohifadhia mbegu za dume. Ndiyo maana jike aliyekwisha kupandishwa, akijivua kabla ya kutaga, hupoteza mbegu zote alizobeba na inabidi apandishwe upya. Hasara hiyo ya mzalishaji ndiyo faida yako wewe unayetaka kujua jinsia: vifuko vimo ndani ya gamba, vimekusubiri.

Sasa pa kuangalia. Gamba lina sehemu mbili. Mbele ni ngumu: miguu, meno, na ile ngao ya mgongoni iliyofunguka kama kifuniko cha sufuria. Nyuma kuna kitambaa chembamba kilichojikunja, hilo ndilo tumbo. Likunjue, upande wa ndani ukutazame. Ndani hakuna manyoya, nje yapo. Usipokosea hapo umeshapita kosa la kwanza. Utaona mabaka manne meupe, kama kucha za mtoto. Hayo ni mapafu, mawili mbele karibu na miguu na mawili nyuma. Kati ya yale mawili ya mbele umepita mstari unaoyaunganisha. Jike ana kitu kilichosimama juu ya mstari huo, kimeelekea upande wa miguu. Dume ana mstari tu.

Umbo la kitu hicho linategemea aina. Kwa Pterinochilus murinus ni viwili vilivyoachana, kama vipembe vya mbuzi mdogo. Kwa Brachypelma hamorii, yule wa Mexico mwenye magoti mekundu, ni kimoja kipana kama ubao mfupi. Kwa hiyo usichukue picha ya aina moja ukaifanya kipimo cha zote. Tafuta ya aina yako.

Na kama unajiuliza kwa nini tuhangaike hivi: jike wa Brachypelma anaweza kukaa nawe miaka 20 na kuzidi, wakati dume akishajivua kwa mara ya mwisho hana mengi zaidi ya mwaka au miwili. Wawili wenye ukubwa mmoja, ndani ya vikopo viwili vinavyofanana, na mmoja bei yake ni mara kadhaa ya mwenzake.

"Gamba limekauka, likiguswa linavunjika"

Hili ndilo linaloongoza. Gamba likiwa la saa chache ni laini kama karatasi ya chai iliyolowa. Likilala siku mbili kwenye chombo chenye joto linakuwa kama jani la mgomba lililokaa juani. Ukilazimisha kulikunjua, linapasuka palepale unapopahitaji.

Chukua kisahani cheupe, tia maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Tone moja, usifanye povu. Sabuni ni ya lazima kwa sababu manyoya ya tarantula hukataa maji. Kwenye maji matupu gamba litaelea usiku kucha na ndani likabaki kavu. Lizamishe taratibu, uliache kwa muda wa saa nne hivi. La zamani sana liache mpaka asubuhi. Nimewahi kulainisha gamba lililokaa kwenye bahasha zaidi ya mwaka, likafunguka bila tabu.

Kisha ufunguaji, na hapa ndipo watu wanapoharibu: wanalitoa majini halafu ndiyo wanaanza kulikunjua. Likiwa hewani linajigandamiza lenyewe kama mfuko wa nailoni uliolowa. Fanya kazi humohumo majini. Maji yenyewe hulibeba na kulitandaza, wewe unaelekeza tu kwa brashi ndogo ya rangi, ile ya watoto wa shule, au kijiti cha meno ulichokitafuna ncha. Kibano kitumie kushika pembeni, kwenye mguu, kamwe usishike katikati ya tumbo. Kama tumbo limekuwa bomba lisilotaka kufunguka, kata kwa mkasi mdogo upande wa mgongo. Ukikata upande wa chini umekata ushahidi wako katikati.

Likishatandika, pitisha kipande cha plastiki angavu chini yake, ulinyanyue na maji yake kidogo. Weka juu ya glasi, washa tochi ya simu chini. Hapo lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 inatosha kwa buibui wa sentimita 5 na kuendelea.

Tahadhari moja kabla hujaenda mbele. Kama buibui wako ni wa Amerika, kwa aina nyingi gamba lake bado lina yale manyoya ya kuwasha ya tumboni, hata kama ni gamba la mwaka jana. Vaa glovu, usilipulize, usifikiche macho. Yakiingia jichoni si mwasho wa kunawa ukaisha, utakwenda hospitali. Wa Afrika hawana manyoya hayo. Wao wameweka yote kwenye meno.

"Sehemu ya tumbo haipo, au imetafunwa"

Sababu kubwa ni kuchelewa. Buibui akishapata nguvu hulisukuma gamba pembeni, akalikanyaga, akalifunga kwa hariri, na wengine hulichanachana. Wale wanaoishi kwenye mashimo hulizika kabisa, ukaja kulifukua baada ya miezi limejaa udongo na ukungu.

Dawa yake ni kujua lini anakaribia. Anakataa nyenje, tumbo linakuwa limejaa na kung'aa, rangi inafifia, na wale wenye kipara tumboni kipara chao kinageuka cheusi. Kuanzia hapo chungulia kila siku. Akilala chali hajafa. Tarantula aliyekufa kwa kawaida hukunja miguu chini ya mwili, hajipangi chali namna ile. Mwache, hata kontena usilitikise. Mtu mmoja alinipigia saa sita usiku kuniambia wake amekufa, ameshamgeuza. Kumgeuza ndiko kulikotaka kumuua.

Akimaliza, subiri kesho yake au keshokutwa, ulitoe gamba kwa kibano kirefu. Yeye wakati huo ni laini, meno yake ni meupe, na hana hamu ya vita. Chakula asipewe mpaka meno yawe meusi kabisa.

Na kama tumbo limekwenda, limekwenda. Tafuta kati ya vipande kile chenye mabaka mawili meupe na mstari, kwa sababu wakati mwingine hicho hupona hata kama vingine vimechanika. Ukikikosa, subiri gamba lijalo. Kichwa na miguu havitakuambia kitu kwa buibui mchanga.

"Naona kitu, lakini sijui ni chenyewe"

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo penye madume mengi yaliyouzwa kama majike.

Kijana mmoja wa Mombasa anayeishi Uholanzi alinitumia picha nzuri kabisa, mwanga safi, kila kitu kinaonekana. "Kaka, jike huyu, mia kwa mia. Si unaviona vile viwili?" Nikaviona. Nikahesabu mabaka meupe kwenye picha: mawili tu. Nikamuuliza miguu iko upande gani. Alipogeuza simu ndipo tukaelewana: alikuwa amepiga picha ya mapafu ya nyuma, na "vile viwili" vilikuwa mikunjo ya ngozi. Kwenye mapafu ya nyuma hakuna cha jike wala cha dume. Tangu hapo sipokei picha isiyoonyesha mabaka yote manne na mizizi ya miguu.

Kosa la pili ni mkunjo. Ngozi iliyolainishwa nusu hubaki na mistari, na mstari uliosimama juu ya mstari wa uzazi unafanana sana na kifuko. Rudisha majini kwa muda wa saa mbili, uangalie tena. Mkunjo utahama au utapotea. Kifuko kitakaa palepale.

La tatu ni gumu zaidi. Madume ya aina nyingine nayo yana vijitu vidogo vya ziada karibu na mstari, na kwa jicho lenye hamu ya kuona jike, vinatosha. Kipimo ninachokitumia mimi ni cha fundi cherehani: hiki ni mshono au ni mfuko? Chukua unywele mmoja wa brashi, uupitishe taratibu juu ya mstari kutoka upande wa miguu kuja nyuma, ukiwa majini. Jike ana kipande kilichosimama chenye ukingo huru, kama mfuko wa shati. Unywele unaingia nyuma yake na kipande kinanyanyuka, unaweza hata kukilaza upande huu na upande huu. Kwa dume unywele unateleza. Ni mshono, umeshonwa ukaisha, hakuna pa kuingia. Vile vijitu vyake vya ziada havinyanyuki.

Nilipoanza kutumia kipimo hiki nilirudia magamba yangu yote ya zamani niliyoyahifadhi kwenye bahasha. Mawili niliyoyaandika "jike" kwa wino mwekundu yalikuwa mishono.

"Sioni chochote. Basi ni dume?"

Bado. Ukikiona kifuko, na kimepita kipimo cha mfuko, kesi imekwisha: ni jike. Usipokiona, kuna maswali ya kujibu kwanza. Je, eneo lote kati ya mapafu mawili ya mbele ni zima, halikutoboka? Je, mstari unaonekana mwanzo mpaka mwisho? Je, buibui ana ukubwa wa kutosha? Jibu likiwa hapana hata kwenye moja, ulichonacho ni gamba bovu. Dume bado hujampata.

Ukubwa ndio unaowadanganya wengi. Vifuko vya kitoto cha sentimita 2, miguu ikiwa imenyooshwa, vipo lakini ni vidogo na havina rangi. Vinapenya mwanga kama kioo. Kwa lenzi ya mkono huvioni. Kwa hadubini ya kukuza mara 40 mtu mzoefu anaweza kuvipata, na mimi mwenyewe kwa ukubwa huo nimekosea mara nyingi kiasi kwamba siku hizi naandika alama ya kuuliza na tarehe, basi. Kuanzia sentimita 3 au 4 mambo yanakuwa mepesi. Kadiri jike anavyokua, vifuko vinakuwa vigumu na kuchukua rangi ya kahawia kama asali ya nyuki wa porini, na hapo hata picha ya simu inatosha.

Ukubwa huo unafikiwa lini? Pterinochilus hukua kama magugu; dume anaweza kukomaa ndani ya mwaka mmoja au mmoja na nusu. Brachypelma ni wa subira, miaka inapita. Usilinganishe umri, linganisha sentimita.

Kama magamba mawili mfululizo ni mazima, makubwa ya kutosha, na mstari ni safi, hapo andika dume.

"Sina gamba, nina picha ya tumboni tu"

Picha ya chini ya buibui aliye hai inasaidia kukisia, na wenye uzoefu wa aina moja hukisia vizuri sana. Inatazama nini? Dume, tangu angali mdogo, ana vitundu vidogo vya kutolea hariri juu kidogo ya ule mstari wa uzazi, mbali na vile vya mkiani. Akikomaa atavitumia kwenye kile kitanda cha hariri anachofuma, aweke mbegu juu yake kisha azivute kwa vipapasi. Kwa nje vitundu hivyo vinaonekana kama kibaka cha manyoya mafupi yaliyobanana, mfano wa nusu mwezi, kati ya mapafu ya mbele. Jike hana kibaka hicho, na midomo ya mstari wake imetuna na kupanuka zaidi.

Ukikuta huoni kibaka, au unaona kila buibui anacho, tazama kwanza mwanga. Ukimulika kutoka mbele moja kwa moja, manyoya yote yanang'aa sawa. Mulika kutoka ubavuni ndipo tofauti ya manyoya itokee. Kwa buibui mweusi tii kibaka hakionekani kirahisi hata ufanyeje. Na aliyekula juzi akavimba hunyoosha ngozi mpaka mstari unakuwa mwembamba kama wa dume. Mpige picha akiwa na njaa kidogo.

Kumpiga picha kwenyewe, tafadhali, usimshike na usimpindue. Mfunike kwa kikopo angavu, pitisha kadi chini, usubiri apande ukutani. Piga kupitia plastiki, bila kuvuta kwa lenzi ya simu, uje kukata picha baadaye. Huyu wa "Usambara" ana mbio ambazo jicho halifuati, na akishikwa na hasira haonyi mara mbili. Maumivu ya jino lake ni makali, na misuli inaweza kukaza kwa muda mrefu baadaye. Mara moja alipanda kibano changu chote kabla sijafikiria kukiachia. Nilikiachia sakafuni, nikakaa juu ya kiti dakika kumi nikimtazama anavyojisafisha miguu.

Jibu la picha liandike kwa kalamu ya risasi. La wino lisubiri gamba.

"Ni mkubwa, mnene, mpole, kwa hiyo ni jike"

Hapana. Unene ni nyenje alizokula. Upole unategemea aina na siku. Ukubwa wa vitoto vya uzao mmoja hutofautiana kwa chakula na joto, na dume mara nyingi hukimbia mbele kwa sababu ana haraka ya kukomaa. Rangi nayo kwa wengi hutofautiana wakiwa wakubwa tu. Wauzaji wengine huzipanga sifa hizi kama karanga za kupima: "huyu mzito, jike huyu." Mwombe gamba. Muuzaji anayejua kazi yake analo kwenye mfuko mdogo, limetandazwa, lina tarehe. Asiye nalo mlipe bei ya asiyejulikana.

"Niliuziwa jike, amekuwa dume"

Karibu kwenye chama. Dume aliyekomaa hujitambulisha: miguu inakuwa mirefu na myembamba, vipapasi vinavimba nchani, na kwa aina nyingi kulabu hutokea chini ya miguu ya mbele, za kuzuia meno ya jike wakati wa kupandana. Kukosekana kulabu hakumfanyi jike; dume wa Theraphosa blondi, yule mkubwa wa Amerika Kusini, hana. Tazama vipapasi.

Ataacha kula vizuri, atazunguka kontena usiku kucha. Wengi hudhani ni mgonjwa, wakaongeza joto, wakabadilisha udongo. Hana ugonjwa, anatafuta mke. Mpe maji, mpe nyenje mmoja mdogo mara mojamoja, na kama kuna mfugaji mwenye jike aliyejivua karibuni, mwazime. Usikae na matumaini kwamba akijivua tena atarekebika; kwa dume aliyekomaa mvuo mwingine karibu kila mara ni kifo, vipapasi hukwama ndani ya gamba.

Mimi sikurudishiwa hela. Muuzaji alisema "kwenye picha alionekana jike," na kweli huenda alionekana. Mpwa wangu wa Lushoto aliposikia mkasa huo akajitolea kunikamatia jike shambani na kunitumia kwa posta, bure. Nilimkataza, na si kwa adabu tu. Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne, wawili wao vijana wa Ubelgiji, faini ya shilingi milioni moja ya Kenya kila mmoja au miezi 12 jela, kwa maelfu ya sisimizi waliowekwa kwenye vijibomba vya kusafirishia. Sisimizi. Fikiria buibui wa ukubwa wa kiganja. Na kwa upande wa wanunuzi, Brachypelma wote wamo kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu miaka ya tisini, na Poecilotheria, tarantula wa mitini wa India na Sri Lanka, tangu 2019, kwa hiyo ukinunua hao dai karatasi zao pamoja na gamba.

"Nimefanya yote, magamba manne mazima, hana kifuko, na dume hakomai"

Hili limenifikia mara moja tu. Mfugaji alikuwa na wanyama wake miaka kadhaa, magamba safi, picha safi, hakuna mfuko. Akaandika dume. Madume hayo yakaendelea kujivua na kunenepa bila vipapasi kuvimba. Nikamwuliza ni aina gani, akaniambia Encyocratella olivacea.

Huyo ni wa kwetu Tanzania, hukaa mitini, na majike yake hayana vifuko vya mbegu kabisa. Ni mmoja wa tarantula wachache sana wanaojulikana kuwa hivyo. Mwingine ni Sickius longibulbi wa Brazil. Kwa hao wawili kipimo cha mshono na mfuko hakifanyi kazi, na kila gamba litasomeka dume. Tazama kile kibaka cha manyoya tumboni, kisha uwatunze mpaka yupi avimbe vipapasi. Asiyevimba baada ya wenzake wote kukomaa, mbadilishie kontena kubwa zaidi.